Nani Anafumua Mapazia Yangu

Nilianza kumshuku mkwe wangu Hazwani siku niliporudi kutoka Melaka nikakuta ukuta wa sebule yangu umepakwa rangi ya majivu.

Nilikuwa nimekwenda kwa mdogo wangu wiki nzima, mwezi wa Shaaban, kumsaidia kumuuguza mumewe. Niliondoka ukuta ukiwa wa krimu. Narudi, namkuta mwanangu Fikri kasimama mlangoni anatabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu, na mkewe nyuma yake kashika brashi, ana rangi mpaka kwenye kipaji cha uso.

"Haya, Mama, sema," Fikri akaniambia. "Unaionaje?"

"Naona nimekosea nyumba."

Hazwani akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Tulidhani Mama ataipenda," akasema taratibu.

"Ndiyo mtindo wa sasa?"

Akasita. Nilikuona kule kusita, nikakuweka akilini. "Siku hizi watu wanapenda rangi tulivu, Mama," akajibu.

Tulivu! Mimi mitindo nimeiona ikija na kuondoka hapa mjini kwetu Parit Jawa zaidi ya miaka thelathini. Nimeshona mapazia ya mawimbi matatu yenye vishada vya dhahabu, zama zile kila mtu alipotaka sebule yake ifanane na ukumbi wa sultani. Nimeshona maua makubwa ya Kiingereza mpaka nikachoka kuona waridi. Ukaja mwaka wa kila kitu kuwa zambarau, hadi kifuniko cha mtungi wa gesi. Halafu vijana wakapata simu zao, nyumba zikaanza kupauka: rangi ya mchele, rangi ya karatasi, rangi ya saruji. Watu wazima na akili zao wanajipangia sebule kama wodi ya hospitali, na wanaiita nzuri. Sikuwahi kuwakataza, pazia lolote nitashona. Lakini ukuta huu ni wangu, na sikuulizwa.

Mimi ni Zabedah, ila kuanzia hapa mpaka Muar mjini wananiita Mak Bedah, yaani Mama Bedah, wa Mapazia. Kwetu mtu anaweza kuingia Idi na viatu vya mwaka jana, lakini si pazia la mwaka jana. Kila nyumba huchagua rangi yake ya mwaka: pazia, vitambaa vya makochi, nguo za baba na mama na watoto, vyote rangi moja, na rangi hiyo ni siri mpaka asubuhi ya Idi. Wanawake huniletea sampuli wamezificha ndani ya mtandio, na wakimkuta jirani hapa kwangu husema wamekuja kuomba majani ya mchaichai. Najua rangi za mtaa mzima, na sijavujisha hata moja. Hiyo ni nusu ya jina langu.

Nusu ya pili ni jicho. Mak Bedah hakosei rangi. Nikiangalia kitambaa mara moja nafungua droo na kukutolea uzi wake, bila kurudi kulinganisha. Mume wangu Daud alipofariki, jicho hili ndilo lililomsomesha Fikri. Anayetaka kuniondoa kwenye cherehani yangu anataka niwe mwanamke mzee wa kukaa kwenye nyumba ya mwanawe, anasubiri aletewe chakula. Hilo sikubali, na ndiyo maana nilipoanza kunusa jambo nilinusa vizuri.

La kwanza lilikuwa taa. Nilikuta taa ya chumba changu cha kushonea imebadilishwa, imewekwa jitu jeupe linalochoma macho. "Ndiyo zinazotumika sasa, Mama," Hazwani akasema. Kila kitu ndiyo kinachotumika sasa! Ni kweli kwamba taa za njiani zimekuwa na ukungu siku hizi, na jua la saa saba linaniumiza, lakini hayo ni mavumbi ya vitambaa, kila fundi anayajua. Sikuhitaji taa ya chumba cha upasuaji.

La pili lilikuwa nyuzi. Siku ya tatu ya mfungo nilifungua droo nikakuta nyuzi zangu zote zimepangwa upya, na kila kisanduku kimebandikwa karatasi yenye herufi kubwa nyeusi: KIJANI CHA MGOMBA. BULUU YA SARE. HUDHURUNGI. Nikamwita.

"Wani! Hii nini?"

"Nimepanga tu, Mama. Nimeona kwenye video, mafundi wengi wanafanya hivi. Inapendeza."

"Inampendeza nani? Mimi najua uzi wangu ulipo kabla wewe hujazaliwa."

"Najua, Mama. Ni kwa ajili yangu basi. Mimi ndiye ninayesahau."

Kwa ajili yake! Msichana niliyemfundisha mwenyewe kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, sasa anajiwekea ramani ya droo yangu. Nikamwambia sawa, kisha alipotoka nikabandua karatasi zote, moja baada ya nyingine, nikazitupa.

La tatu lilikuwa minong'ono. Mteja akiondoka, Hazwani anamfuata mpaka getini. Nilisimama nyuma ya dirisha nikaona anapokea kitu kidogo kutoka kwa mke wa mwenye duka la samaki, anakitia mfukoni, wanashikana mikono. Nilipomuuliza, alisema walikuwa wanaongea habari za daku. Daku ya kutiwa mfukoni?

La nne liliniuma kuliko yote. Nina bati la biskuti ambamo nimehifadhi kipande cha kitambaa cha jukwaa la harusi yangu. Jukwaa lile nililipamba mwenyewe, zambarau changa, rangi ya ua la gugumaji linapofunguka asubuhi. Mama yangu alinikemea kwamba bibi harusi wa maana hukaa kwenye nyekundu au dhahabu, na Daud akasema yeye atakaa popote mradi nipo. Picha za siku ile zimepauka zote, uso wa Daud hautofautiani na kiti alichokalia. Kilichobaki ni kile kipande. Sasa nakitoa, nakuta kona moja imekatwa kwa mkasi, mkato mnyoofu wa mtu anayejua kukata.

Nilikaa na hasira ile kifuani siku mbili. Hadithi ya jukwaa nilimsimulia mtu mmoja tu katika nyumba hii, siku tuliyokuwa tukisuka makuti ya ketupat, vile vikasha vya kupikia wali wa Idi, naye ni Hazwani.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, kila anayeingia anausifia ule ukuta. "Mashallah, rangi tamu!" "Mak Bedah, umetulia!" Nikawa nawatazama usoni nione nani anaficha kicheko. Sarimah alipita kuleta kitambaa chake, akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni. Sarimah ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, ndiye aliyekuwa mpambe wangu siku ya harusi, na ulimi wake haujui likizo.

"Ee, Bedah!" akapiga kelele. "Umekuwa bibi harusi tena!"

"Bibi harusi wa jivuni," nikamjibu.

Akanikodolea macho, akacheka, akadhani natania. Mimi nikajua ananicheka.

Wiki ya tatu ya mfungo nikasikia kwa masikio yangu. Nilikuwa uani nafua, wao wako jikoni. Fikri akasema, "Hatuwezi kuendelea kumficha." Hazwani akamjibu, "Subiri Idi ipite. Ukimwambia sasa utamvunja, na kazi yote hii bado iko mezani kwake." Nikabaki nimeshika shuka lililolowa maji. Kazi iko mezani kwangu, wao wanasubiri imalizike. Baada ya Idi nitaambiwa nipumzike. Nilishaliona hilo kwa wenzangu: mtoto anakuja na maneno matamu, Mama umechoka, Mama kaa, na kesho yake cherehani ina mtu mwingine.

Kuanzia hapo nikawa nakagua kila kitu kwa vidole. Mtu anaweza kuyadanganya macho yangu, vidole hawezi. Mimi nikimaliza pindo hurudi nyuma mishono mitatu, ndipo nikate uzi. Tangu nianze kazi ni mitatu. Nikalichukua pazia la mke wa mwenye duka la samaki, lililokwisha kupigwa pasi na kukunjwa. Nikapapasa mwisho wa pindo. Mishono miwili.

Nikapapasa la pili. Miwili. La tatu lilikuwa langu, mitatu. La nne, miwili.

Kumbe! Mtu anafumua kazi yangu na kuishona upya. Nilikaa chini nikawaza kwa nini, na nikapata jibu moja tu. Anataka mapazia yawe ya mkono wake, ili baada ya Idi aseme: mnaona, mwaka huu wote nilishona mimi.

Nikatega mtego. Pazia la Sarimah lilikuwa la mwisho. Rangi yake ya mwaka ni kijani cha jani la mgomba, aliniambia mwenyewe sikioni, na akaniapisha nisimwambie jirani yake Normah. Nikachagua uzi wa kijani, nikashona pindo lote kwa mkono wangu, na ndani ya kona nikaficha fundo dogo ambalo mtu hawezi kuliona, ila akifumua litatoka. Kisha nikavaa mtandio, nikaaga nakwenda kusoma Kurani msikitini na wanawake wenzangu. Nilirudi kabla ya alasiri. Hazwani alikuwa anamenya viazi, mpole kama kawaida yake. Nikapita moja kwa moja chumbani, nikashika kona ya pazia. Fundo halipo. Mwisho wa pindo, mishono miwili.

Nikasubiri aende kuoga. Kwenye ndoo ya taka, chini ya maganda ya viazi, nikakuta bumba la nyuzi zilizofumuliwa. Nikalifuta, nikalitia ndani ya lile bati la biskuti, juu ya kipande changu. Ushahidi nilikuwa nao.

Kesho yake Sarimah akaja kuchukua mapazia. Nikamkaribisha sebuleni, nikafunga mlango, nikamwita Hazwani. Alikuja anafuta mikono kwenye aproni.

"Kaa," nikamwambia. "Leo nataka shahidi. Sarimah, wewe hunifichi kitu hata kama kinauma, au siyo?"

"Mimi? Nilikwambia viatu vyako vya harusi vibaya ukiwa umeshavaa."

"Basi sikiliza. Huyu mtoto niliyempokea kama wa tumbo langu anafumua kazi yangu nikigeuka. Mwezi mzima. Pazia lako nililishona jana, uzi wa kijani, kazi safi. Jana hiyohiyo amelifumua. Kaniandikia droo, kanikatia kitambaa changu cha harusi, ananong'ona na wateja wangu getini, na baada ya Idi anataka kukaa kwenye kiti changu. Wani, kanusha."

Hazwani alikuwa ameinamisha kichwa. "Sikanushi kwamba nilifumua, Mama," akasema.

"Umesikia?" nikamgeukia Sarimah. Nikafungua bati, nikatoa lile bumba, nikalibwaga mezani mbele yake. "Hizo hapo nyuzi zangu za kijani. Ziangalie. Zina kosa gani?"

Sarimah akavaa miwani yake. Akachukua uzi mmoja, akaunyoosha, akauweka juu ya pazia lake. Akauondoa, akauweka tena. Nikamwona anamtazama Hazwani, na Hazwani anatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeomba.

"Msitazamane ninyi wawili," nikasema. "Sema."

"Bedah, unanitania."

"Nina uso wa utani?"

"Huu si wa kijani," Sarimah akasema. Sauti yake ilishuka, na mimi sijapata kuisikia sauti ya Sarimah ikishuka. "Hizi zote ni buluu, Bedah. Buluu ya sare za shule."

Nikacheka. Nilidhani wamepanga. Nikaenda chumbani, nikavuta droo, nikarudi na nyuzi nne mkononi. Nikazipanga mezani. "Haya. Nyeusi. Kijani. Hudhurungi. Kijani ya pili."

Sarimah akaziinamia zile nyuzi. Nje muuza bubur, uji wa kufuturia, alikuwa anapiga kengele yake, watu wanajipatia futari.

"Sarimah!"

"Hiyo nyeusi ni buluu," akasema. "Hiyo hudhurungi ni zambarau, Bedah, zambarau iliyoiva kabisa. Kijani yako moja ni kijani kweli, nyingine ni buluu."

Aibu iliyonipata siwezi kuifananisha. Nilihisi masikio yanawaka. Nikakaa. Nikazitazama zile nyuzi nne, na kwangu mimi zilikuwa vilevile, nyeusi, kijani, hudhurungi, kijani. Nikazisogeza karibu, nikazipeleka dirishani. Hazikubadilika.

"Tangu lini?" nikamuuliza Hazwani.

"Mimi niliona Idi iliyopita, Mama. Pazia la Bi Normah lilikuwa la waridi, pindo likashonwa kwa uzi wa machungwa. Nikalirudia usiku ule ule kabla hajaja kulichukua. Nikadhani ni uchovu. Halafu mwaka huu yakazidi."

"Na getini?"

"Nilikuwa naomba kipande cha sampuli, nihakikishe rangi. Hakuna aliyejua kwa nini. Niliwaambia nakusanya vipande vya kushonea mto."

"Na zile karatasi za kwenye droo..."

Sikungoja jibu. Nilikuwa nimezibandua kwa mkono wangu mwenyewe, na tangu siku ile ndipo makosa yalipozidi.

Sarimah alinyanyuka. Akalikunja pazia lake vizuri, akalikumbatia. "Mimi sikusikia kitu humu ndani," akasema. "Nimekuja kuomba mchaichai." Alifika mlangoni, akageuka, akafungua mdomo kuongeza neno, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga.

Tulibaki wawili.

"Ndiyo hiyo mliyokuwa mnanificha na Fikri," nikasema.

"Fikri alitaka tukupeleke hospitali siku ileile alipojua. Anasema ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, kwamba baba yako alikuwa nao, kwamba wanauondoa. Mimi ndiye nilimzuia. Nilisema Mama amalize Idi yake kama Mak Bedah." Akajifuta macho kwa aproni. "Nilikosea, Mama. Nilitakiwa kukwambia."

Nilitaka kumkasirikia, kwa kweli nilijaribu. Hasira ilikuwa imeniweka wima mwezi mzima, sasa nimeitafuta siioni. Kikabaki kitu kimoja ambacho bado sikukielewa.

"Kitambaa changu. Kona umeikatia nini?"

"Niliipeleka dukani kwa muuza rangi," akasema. "Walisema bila kipande halisi mashine yao haiwezi kulinganisha. Nilitaka kukwambia, lakini ingekuwa si zawadi tena."

"Kulinganisha na nini?"

Akageuza uso, akautazama ukuta.

Nikalivuta bati. Nikakitoa kipande changu, rangi ya ua la gugumaji linapofunguka asubuhi, nilivyokijua maisha yangu yote bila hata kukitazama. Nikaenda nacho ukutani, nikakibandika pale kwa kiganja, nikasogeza vidole pembeni ili nione. Sikuona kinapoanzia kitambaa wala unapoishia ukuta. Vyote viwili vilikuwa majivu. Ilibidi niitafute ile kona iliyokatwa kwa kidole.

"Ni ileile?" nikauliza.

"Ni ileile, Mama."

Nyumba nzima ilikuwa imeniambia. Wageni wameniambia, Sarimah kasimama katikati ya sebule akaniita bibi harusi, na mimi nikaitukana rangi yangu mwenyewe kila siku, asubuhi na jioni, mbele ya mtoto aliyeipaka mpaka kwenye kipaji cha uso.

"Njoo hapa," nikamwambia. Akaja, akasimama begani kwangu. "Jua linaingia kutoka dirishani?"

"Linaingia."

"Basi nieleze inavyoonekana."

Akaanza kunieleza, akitafuta maneno, akiyarudia, na mimi nikasimama pale na kiganja changu ukutani, nikimsikiliza.